Picha Haijisemei

Barabara ya Arusha ikitoka katikati ya Jiji la Dodoma hupita Miyuji, kati ya nyumba zilizoongezeka kwa kasi tangu serikali ihamie, ikaendelea Veyula na Makutupora penye mashamba ya zabibu, na baada ya kilomita zipatazo 180 ikafika Kolo, wilayani Kondoa. Huko, chini ya miamba iliyoinama kama mapaa, kuna michoro ya rangi nyekundu: twiga, tembo, swala, na watu wembamba ambao vichwa vyao vimechorwa kwa mistari mingi kama nywele zilizosimama. Mary Leakey alitumia miezi kadhaa ya mwaka 1951 akiinakili, na mwaka 2006 UNESCO ililiingiza eneo hilo, lenye mapango na miamba iliyochorwa zaidi ya 150, katika orodha ya urithi wa dunia. Rangi imevumilia jua na mvua kwa vizazi visivyohesabika. Hata hivyo hakuna awezaye kusimama mbele ya mchoro mmojawapo akasema bila kusita ulimfundisha nini kijana aliyeletwa pale kuutazama. Watafiti hubahatisha, wakisaidiwa na mila za Wasandawe, ambao wengi wao huamini kuwa wazee wao walichora sehemu ya michoro hiyo. Picha imebaki, waliokuwa wakiisema hawapo.

Naanzia mbali namna hii kwa sababu katika ofisi zinazoagiza mabango na video za mafunzo, na siku hizi nyingi ziko hapa hapa Dodoma, hurudiwa usemi wa kuazima kwamba picha moja ni sawa na maneno elfu. Anayeuamini usemi huo humpa mchoraji muhtasari wa kurasa tano jioni ya Alhamisi na kulitaka bango asubuhi ya Jumatatu, kwa imani kwamba picha ikishapendeza itajieleza kwa yeyote mwenye macho. Mimi nashikilia kwamba haijielezi. Picha husomwa, na kusoma picha kuna desturi zake kama kusoma maandishi, na desturi hizo mtu huzipata mahali fulani, kwa watu fulani, au huzikosa. Tena bango linalosema maneno elfu, yawe ya herufi au ya rangi, ni kelele tu. Kazi ya anayebuni michoro na video za kufundishia ni kujua picha hii itasema neno gani moja, yapi yaachiwe sauti ya mwalimu, na yapi yasiwepo kabisa. Ni ufundi mgumu usiosifiwa, na ukifanywa vizuri hauonekani, maana mkulima atakumbuka namna ya kukata tawi na hatamkumbuka aliyelichora. Ndiyo maana nataka kuusifu.

Jambo hili halikuwa geni kwa waliofundisha kabla ya shule. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya jamii katika serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 kitabu kuhusu vinyago vya udongo vilivyotumika katika jando na unyago. Kila kinyago kilikwenda na wimbo wake, na wimbo ulikwenda na maelezo ya mkubwa aliyeshika darasa. Mgeni akikiokota kinyago kile nje ya ngoma yake anaona mnyama tu, au chombo tu cha nyumbani; aliyewekwa ndani anasikia onyo zima juu ya maisha ya ndoa au heshima kwa wakwe. Udongo ulishika jicho, wimbo ukashika sikio, na mtu wa kuulizwa alikuwa amekaa pale pale. Ukiondoa kimoja, somo linapwaya. Kwa kipimo hicho kungwi alikuwa mbunifu makini kuliko studio nyingi za leo: hakukitegemea kinyago kifanye kazi ya wimbo.

Wakoloni walipoanza kufundisha kwa filamu walikutana na jambo hilo hilo, wakalielewa kombo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika. Walitoa filamu 35, juu ya safura, kodi, mmomonyoko wa udongo, benki ya akiba ya posta na mengineyo, na maelezo yake yakarekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali ili yachezwe pamoja na picha. Kutokana na majaribio ya aina hiyo, na ya William Sellers aliyeanzia Nigeria, ikajengeka nadharia kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida, basi apigiwe picha za polepole, ndefu, zisizo na ufundi wowote. Kisa kinachosimuliwa zaidi katika mjadala huo ni kile cha John Wilson, alichokieleza mwaka 1961. Watazamaji zaidi ya 30 walionyeshwa filamu ya bwana afya akisafisha mazingira, akimwaga maji yaliyotuama na kuokota makopo. Walipoulizwa wameona nini walijibu: kuku. Waliotengeneza filamu hawakumjua kuku huyo. Ilibidi waikague picha kwa picha ndipo wakamkuta akikatiza kwenye pembe ya chini kwa muda wa sekunde moja hivi.

Kisa hicho kilitumika miaka mingi kama ushahidi wa upungufu wa watazamaji. Ukikitazama kwa jicho la fundi, upungufu uko kwa mpiga picha. Kuku ni mali, ana mwendo, ana mwenyewe. Bwana afya yule alikuwa mtu asiyejulikana anayefanya jambo lisilojulikana kwa mwendo wa kobe. Jicho la binadamu, la Ulaya au la Ugogo, hukimbilia kinachotembea na kinachofahamika. Aliyemwacha kuku apite mbele ya kamera ndiye aliyebadilisha somo. Mwaka 1976 UNICEF ilitoa ripoti kutoka Nepal iliyofika mahali karibu na hapo bila kumdharau mtu. Wanavijiji walitambua vizuri zaidi picha ambazo mandhari ya nyuma yalikuwa yameondolewa, akabaki mtu au kitu chenyewe, na wengi hawakuzisoma picha zilizopangwa mfululizo kama hadithi ya kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ndivyo zisomwavyo. Mwenye kudhani kwamba mfululizo wa picha unajieleza kwa hulka yake ajiulize msomaji wa Kiarabu angeanzia upande gani.

Desturi hizi tunazo wote bila kuzitambua. Kijana wa leo akiandika kwenye kompyuta hubonyeza alama ya kisahani cha zamani ili kuhifadhi kazi yake, na huenda hajawahi kukishika kisahani chenyewe. Amefundishwa alama, akaizoea, basi. Chukua nayo X nyekundu, ambayo wabunifu huipenda mno: huichora juu ya picha ya jambo baya, wakidhani dunia nzima inaisoma kama “usifanye hivi”. Mwanafunzi ataisoma hivyo, kwa kuwa mwalimu wake humwekea X penye kosa. Lakini kwa mwenye nyumba wa kando ya barabara kuu, X nyekundu ukutani ni tangazo kwamba nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara na itabomolewa, na ile ya kijani humpa tumaini la fidia. Mtu huyo huyo akiona picha ya choo cha shimo iliyowekewa X nyekundu, anaambiwa nini? Asichimbe choo cha namna hiyo, au choo hicho kitavunjwa na serikali? Sisemi alama hiyo isitumike. Nasema anayeitumia lazima ajue imeshatumika wapi kabla yake, kama mwandishi anavyojua neno limetoka kinywani mwa nani.

Kongwa, mashariki ya Miyuji katika mkoa huu huu, kuna somo ambalo kila mbunifu wa mabango ya afya angefaa alijue. Tangu miaka ya 1980 watafiti na wahudumu wa afya wamepambana huko na trakoma, ambayo wengi tunaiita vikope, ugonjwa unaoenezwa kwa vidole, kwa nguo na kwa nzi wanaotua kwenye nyuso za watoto zenye tongo na makamasi. Mtoto akiambukizwa tena na tena, ukope hupata makovu, kope hujikunja ndani na kukwaruza mboni hadi mtu anapofuka ukubwani. Kinga mojawapo ni kunawa uso. Waliposema na wanavijiji juu ya kunawisha watoto, kikwazo kilichojitokeza kilikuwa hesabu ya maji: katika nchi kame ambako maji hufuatwa mbali, watu waliamini kwamba kunawisha nyuso za watoto wote kungekula maji ya kupikia, na uamuzi wa maji yatumike wapi haukuwa wa mama peke yake. Ikabidi waonyeshwe kwa macho yao kwamba maji kidogo yanatosha nyuso nyingi. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya majaribio katika vijiji vya Kongwa. Pale ambapo dawa ya macho iliambatana na kampeni ya kunawa uso, watoto walikutwa na nyuso safi zaidi na trakoma kali ilikuwa pungufu kuliko pale palipopewa dawa pekee.

Fikiria sasa bango la kawaida la “nawa uso”. Mara nyingi lina bomba linalotiririka, beseni limejaa, povu la sabuni limefika viwikoni, na mtoto anacheka huku matone yakiruka pande zote. Kwa mchoraji, yale matone ndiyo uhai wa picha. Kwa mama wa kijiji kikame, yale matone ni maji yanayomwagika, na picha nzima inamthibitishia hofu ile ile aliyokuwa nayo kabla ya kuitazama. Maneno ya bango yanasema nawa. Picha inasema hili ni jambo la watu wenye bomba. Fundi anayejua kazi yake angechora kikombe kimoja, maji yamefika nusu, mkono wa mama umekinga kiganja, na nyuma yake watoto watatu wanaongoja zamu kwa kikombe hicho hicho. Hakuna neno lililoongezeka. Kilichobadilika ni kiasi cha maji ndani ya mchoro, nacho ndicho kilikuwa hoja tangu mwanzo.

Kugumu kuliko kote ni kuchora kisichoonekana, na mkoa huu umelijua hilo kwa uchungu. Mwaka 2016 watu 68 wa Dodoma na Manyara waliugua kutokana na sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na 20 kati yao wakafa. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu wanaoshambulia punje shambani wakati wa ukame, na ghalani zikihifadhiwa na unyevu. Haina harufu wala ladha, macho hayaioni, na kupika ugali hakuiondoi. Mchoraji ameambiwa atengeneze bango la kuonya. Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni fuvu na mifupa miwili juu ya gunia. Fuvu huogopesha bila kuelekeza, likamwacha mtu na hofu yake na gunia lile lile. La pili ni hindi lenye ukungu wa kijani upande mmoja, na upande wa pili hindi safi, punje zake zimepangana kama meno, likiwa na alama ya vema. Bango hilo linapendeza na lina nusu ya ukweli, kwa kuwa punje zilizoota kuvu na zilizovunjika zinapaswa kweli kutengwa. Lakini lile hindi safi linasema uongo unaoweza kuua. Linamwambia aliyesimama mbele ya ghala lake kwamba mahindi yakionekana mazuri ni mazuri, wakati sumukuvu inaweza kuwamo ndani ya punje isiyo na doa.

Hapa ndipo mbunifu mahiri anapoachana na sumu yenyewe. Kisichoonekana hakichoreki bila kudanganya, ila matendo yanayokizuia yanachoreka yote: mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai au kichanja badala ya udongo mtupu, mikono inayochambua punje mbovu, magunia yaliyopangwa juu ya chaga mbali na ukuta. Kisha kuna kipimo cha chupa, ambacho naona kama zawadi kwa wachoraji. Unatia punje kwenye chupa kavu inayoonyesha, unaongeza chumvi kavu, unatikisa, unaiacha itulie kwa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani. Unyevu uliokuwa umejificha umepata sura, nayo ni sura ambayo mtu anaweza kuitengeneza mwenyewe jikoni kwake akailinganisha na bango. Picha mbili zinatosha, chupa yenye kuta safi na chupa yenye kuta zilizotapakaa chumvi. Ila kipimo hicho ni cha makadirio, tena kinapima unyevu na hakipimi sumu, na jambo hilo mchoro hauwezi kulisema hata ungechorwa na nani. Lazima liandikwe, au bwana shamba alitamke. Mbunifu asiyekubali kwamba mchoro wake una mpaka atajaribu kulichora hata hilo, ataongeza mishale na mawingu ya maneno, na chupa itapotea humo ndani.

Video imeleta kitu ambacho bango halina, nacho ni muda. Mizabibu ya Dodoma huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila mavuno hutanguliwa na kupogolewa. Mwenye mkasi huamua haraka haraka tawi lipi libaki, macho mangapi yaachwe, mkato upite umbali gani juu ya jicho na uinamie upande gani. Kijitabu kinaweza kuandika “acha macho mawili”, na anayeanza akabaki amelishika tawi asijue jicho lililobanwa kwenye shina nalo linahesabiwa au la. Video humaliza swali hilo kwa sekunde tano, kama imepigwa kutoka mahali panapofaa. Mara nyingi haipigwi hapo. Kamera husimama mbele ya mtaalamu, kwa heshima, kama inavyosimama mbele ya mgeni rasmi, na mtazamaji analazimika kugeuza kichwani mwake kulia kuwe kushoto. Mwaka 2017 Logan Fiorella na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba waliotazama kazi ya kuunganisha vifaa ikiwa imepigwa kwa jicho la mtendaji mwenyewe walijifunza vizuri zaidi kuliko waliotazama kutoka upande wa mbele. Fundi cherehani na fundi seremala hawakuhitaji utafiti huo. Mwanagenzi wao husimama nyuma ya bega la fundi, si mbele yake.

Kuhusu sauti na maandishi, Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amekusanya ushahidi wa miaka mingi kwamba maelezo yanayosikika yakiandikwa pia neno kwa neno kwenye kioo, juu ya picha inayotembea, humpunguzia mtazamaji uelewa, kwa kuwa macho yanaacha mkono unaokata tawi yakakimbilia herufi. Nakubaliana naye, kwa sharti moja ambalo hata wafuasi wake hulitambua: anayefundishwa kwa lugha asiyoimudu vizuri husaidiwa na manukuu. Uwanda huu wa kati una Wagogo, Warangi na Wasandawe, na mtoto anayetoka shule ya msingi ya Kiswahili kuingia kidato cha kwanza cha Kiingereza hukabiliwa na maneno mapya kila kipindi. Kiziwi naye hana njia nyingine zaidi ya maandishi na lugha ya alama. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya manukuu. Kuna swali la nani anatazama, na macho yake wakati huo yanahitajika wapi.

Watakaonipinga wataanzia kwenye simu. Kwa nini tusifie ufundi, watasema, wakati mkulima yeyote mwenye simu janja anaweza kujirekodi akipogoa, akatuma video kwenye kundi la WhatsApp, ikafika mbali kuliko bango la wizara? Hoja hii ina nguvu, na sehemu yake naikubali bila ubishi: video ya mkulima mara nyingi huishinda ya studio, maana yeye hupiga kutoka mkononi mwake na huzungumza kama jirani anavyozungumza. Siitetei mashine ya gharama. Lakini itazame video hiyo hadi mwisho. Dakika tatu za mwanzo ni salamu na shamba lote kutoka kona hadi kona, upepo umemeza nusu ya maelezo, na wakati wa mkato wenyewe kiganja kimeziba jicho la mzabibu. Mtazamaji amelipia bando kwa dakika hizo zote. Mkulima yule yule akielezwa mambo matatu, aanze na tawi, asogee karibu, na mkono usizibe mkato, atatoa video ya dakika mbili inayofundisha. Hayo matatu ndiyo ufundi wenyewe, na yanafundishika Miyuji kama yanavyofundishika kwingineko.

Pingamizi la pili ni la wataalamu, nalo ni zito zaidi. Kurahisisha, wanasema, ni kudanganya. Ukiondoa mandhari, ukiondoa vighairi na tahadhari, umemdharau mwananchi na kumpa elimu nusu. Mfano wangu wa sumukuvu unawapa silaha, kwa sababu pale picha rahisi ndiyo iliyokuwa ya hatari. Lakini ile haikukosea kwa kupunguza. Ilikosea kwa kuongeza hindi moja lisilotakiwa. Kila picha hupunguza, hata ya kamera, ambayo imeacha yote yaliyo nje ya fremu yake. Kinachobaki kuamuliwa ni kipi kipunguzwe. Michoro ya kitabu cha David Werner, kinachojulikana kwa Kiswahili kama Mahali Pasipo na Daktari, ni mistari tu isiyo na rangi, na wahudumu wa afya wa nchi nyingi wameitegemea kwa miongo kadhaa. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: ondoa chochote ambacho kutokuwepo kwake hakutabadilisha tendo la mkono wa mtazamaji, na usiguse kinachobaki. Kwa kipimo hicho kitu cha kwanza kuondoka kwenye mabango yetu ni ile safu ya nembo za wafadhili juu kabisa, mahali ambapo jicho hufikia kwanza. Sijawahi kusikia nembo iliyomfundisha mtu kuchimba choo.

Wengine watataja katuni za watoto, zenye rangi, nyimbo na vichekesho kila upande, na watoto wanajifunza. Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, ni ushahidi mzuri, lakini kwa upande wangu. Wimbo wake unapofundisha sehemu au pembe, hesabu imo ndani ya wimbo, na mtoto akiuimba njiani anairudia hesabu. Kichekesho kinachobeba somo ni sehemu ya somo. Kinachoharibu ni kile kilichopachikwa kwa hofu kwamba watu watachoka.

Lililo gumu kulijibu ni gharama. Kuijaribu picha kwa watu kabla ya kuichapisha kunataka siku, nauli na unyenyekevu, na bajeti nyingi hutenga fungu la kuchapisha bila fungu la kuuliza. Ila nchi hii ilikwisha kulipa gharama kubwa kuliko hiyo kwa kuamini kwamba elimu ni mazungumzo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa wiki 12 kwa redio, vijitabu vyenye picha, na vikundi vya kusikiliza. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu wazima wapatao milioni 2 walikaa chini kusikiliza, kutazama, kubishana, kisha kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hakuna aliyedhani kijitabu kingefanya kazi peke yake. Leo tuna vioo vya rangi mifukoni, na tumeanza kudhani hivyo.

Basi wewe unayeagiza bango kitita au video kwa ajili ya watu wa uwanda huu, kabla hujatia saini ya kuchapisha, toa nakala moja kwa mashine ya kawaida, nenda nayo mnadani au kisimani, ziba maandishi kwa kiganja, muulize mtu asiyekujua: “Unaona nini hapa?” Akianza kujibu usimsaidie. Andika alichosema, hata akisema kuku.